Viganja vya Ukama

Siku ya kumi na moja ya mwaka mpya, jua likiwa halijafika utosini, ndipo viganja vya Ukama vilipomponza.

Mtunza bustani huyu alikuwa na lake na gavana wa Sardi, mwanamfalme Artavarza. Mwaka juzi wakubwa walitaka maji yafike bustanini kabla ya mavuno. Maji yakafika. Radusha, mke wa Ukama, aliyekuwa akichimba mfereji juani, akafa kwa homa, na hakuna mkubwa aliyeuliza hata jina lake. Ukama akaapa: siku atakayomwona gavana, hainami ng'o.

Artavarza akaja, bangili za dhahabu zikimeta, akashika jembe. Ndiyo desturi yake, hali chakula mpaka atoke jasho. Mtu aliyezaliwa juu ya mazulia ya zambarau akapiga magoti topeni, akaupakata mche wa mkomamanga kama kichanga, akaupanda. Bustani nzima ikaacha kazi, ikamtazama.

"Kaka, si ulisema utamkazia macho?" Tiri, mwenzake, akanong'ona. "Mbona shingo imelegea?"

"Funga domo lako!"

Gavana akainua uso. "Mzee, mfereji huu ulimchukua nani wako?"

Ukama akajiuliza: Amejuaje? "Mke wangu, bwana. Radusha."

"Basi mti huu ni wa Radusha."

Chuki ya miaka miwili ikamtoka Ukama kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Hakujua alifanyalo. Viganja vyake vikajivuta taratibu, vikazama ndani ya mikono mirefu ya joho aliloshonewa na marehemu mkewe.

Tiri akaguna, "Umetumaliza!"

Maana viganja hufichwa mbele ya mfalme peke yake. Ukimfichia mwingine, umemvika taji. Na pale kivulini alikuwa ameketi mkaguzi kutoka Shushani, mji wa mfalme, yule wamwitaye Jicho la Mfalme.

"Wewe! Nani kakufundisha kumwamkia gavana kama mfalme?"

"Hakuna, bwana. Vimeingia vyenyewe."

"Vyenyewe! Basi tuvikate, tuone kama vitarudi vyenyewe."

Askari akachomoa upanga. Artavarza angesema neno moja tu, "mpumbavu huyu," viganja vya Ukama vingeanguka na kichwa cha gavana kingebaki shingoni. Wakubwa ndivyo wafanyavyo. Ukama akafumba macho, akalingoja neno hilo.

"Mwache," ikasema sauti ya gavana. "Kama kuna kosa, ni langu."

Ukama akafumbua macho. Mwanamfalme alikuwa amesimama kati yake na upanga, matope magotini, mrefu kama mnara.

Jicho la Mfalme akatabasamu, akasogea karibu.

"Uliviona vikiingia, mwanamfalme. Kwa nini hukumwambia avitoe?"