Nati Zilizopakwa Rangi

Gari lilikuwa halijamaliza hata mita mia mbili kutoka gereji pale mkwe aliposikia mlio. Tk. Ulikuwa mlio mdogo, wa chuma kinachocheza mahali kisipotakiwa kucheza, na ulitokea baba mkwe wake, Mzee Kaza, alipokata kona. Mkwe alikuwa kiti cha nyuma, magoti yamemfika kidevuni, maana gari lenyewe lilitengenezwa enzi ambazo abiria wa nyuma hawakuhesabiwa kuwa na miguu. Mbele yake alikaa mkewe, mimba ya miezi saba chini ya mkanda, anacheka na baba yake.

Wiki tatu nzima, kila walipomaliza kazi za wateja, yeye na baba mkwe wake walikuwa wamelala chini ya gari hilo. Lilikuwa la marehemu mama mkwe, na usukani wake wa zamani ulikuwa na uvivu wa ajabu: unazungusha robo nzima ndipo magurudumu yanakumbuka kuwa yametumwa. Basi mzee akaamua kung'oa boksi lote la usukani na kuweka reki, ile fimbo yenye meno ya magari ya siku hizi, inayosukuma magurudumu kushoto na kulia bila kuzungukazunguka. Walitoa reki kwenye gari bovu, wakachomelea vishikizo vipya, wakaiunganisha na usukani kwa shafti yenye viungo viwili. Kila kiungo kinabanwa na bolti moja na nati moja. Ikiachia hiyo, dereva anabaki ameshika usukani kama aliyeshika sinia, na gari linakwenda linakotaka.

Gereji ile ilikuwa na sheria yake, na mzee mwenyewe ndiye aliyeitunga. Anayekaza hapaki rangi. Mzee Kaza, aliyepewa jina hilo kwa sababu neno "kaza" alilisema mara nyingi kuliko salamu, alikaza kila nati. Mkwe alipita nyuma yake na spana nyingine, akaijaribu, na ikigoma kuzunguka aliitia nukta ya rangi nyeupe. Nukta maana yake watu wawili wameishika. Wateja waliipenda sana sheria hiyo, wakasimuliana.

Ila miaka minne nyuma, mkwe akiwa bwana harusi wa miezi miwili, alijaribu nati moja ikazunguka nusu nzima, naye, kwa kiherehere cha ugeni, akalisema hilo kwa sauti mbele ya wateja. Mzee hakumgombeza. Alinyamaza tu, siku mbili, nyumbani na kazini, akila bila kumtazama. Mkwe hakusubiri kufundishwa mara ya pili. Tangu hapo alipita nyuma ya mzee na spana yake, akaigonga kidogo kwenye chuma ili isikike kwamba kazi inafanyika, akapaka rangi. Adabu, alijiambia. Mtu huwezi kumpima mkono baba mkwe wako. Adabu gani! Ilikuwa woga mtupu, na alijua.

Tk.

Sasa walikuwa wameuacha mtaa nyuma na barabara ilianza kupanda. Mkwe alikumbuka asubuhi: mzee chini ya gari, kwenye kiungo cha chini, akitoka upesi kuliko kawaida, akiufuta mkono wa kulia kwenye suruali kwa muda mrefu. Naye akaingia, akagonga spana, akapaka nukta. Akasema labda wangerudi wakaangalie tena kama magurudumu yamenyooka. Mzee akajibu kwamba yalipimwa kwa uzi, na uzi haudanganyi. Mke akasema mwacheni, mume wake huyo hata chai akiinywa huikagua kwanza. Wakacheka wawili wao.

Wakafika kileleni. Mbele yao barabara ilishuka moja kwa moja hadi darajani, daraja jembamba lisilo na kingo, na malori ya mchanga yalikuwa yakipanda kutoka huko kwa foleni. Mzee akaachia mafuta, gari likaanza kushuka lenyewe. Mkwe aliuona mkono wa mkewe umelala juu ya tumbo, umetulia, bila wasiwasi wowote. Alifikiria zile siku mbili za kimya, na jambo la aibu ni kwamba hata hapo, kwenye mteremko ule, bado alizipima.

"Baba, simamisha gari."

"Kuna nini?"

"Nati ya kiungo cha chini. Niliipaka rangi bila kuishika."

Mzee alikanyaga breki, akakata kuelekea pembeni, na usukani ukazunguka robo nzima mtupu kabla ya kushika. Wote watatu waliliona hilo. Gari lilikwaruza kokoto na kusimama, na lori la kwanza likapita na upepo uliolitikisa.

Mkwe alilala juu ya kokoto, akaingiza mkono. Nati ilizunguka kwa vidole viwili, na nukta nyeupe juu yake, safi. Akaikaza kwa spana ya garini mpaka bega likamuuma, kisha akakaza na nyingine zote alizozifikia, na mbili kati ya hizo nazo zikakubali kuzunguka. Alipotoka, mzee alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Mkwe alisubiri maneno makali, akayatamani kabisa, maana angejua namna ya kuyabeba.

"Mkono huu haukazi tena," mzee alisema, akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Vidole vinakufa ganzi. Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nikuambie wewe? Nilijua unapita nyuma yangu. Nikajiambia, zitakazonishinda mimi, mkwe wangu atazikamata." Akainua uso. "Ni hii moja tu hukuishika?"

Mkwe alitazama chini. Uongo ulikuwa karibu sana, na mwepesi.

"Sijashika hata moja, Baba. Miaka minne."

Mke ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa amesimama mbali nao kidogo, mkono kiunoni, na uso wake ukabadilika polepole. Akauliza, kwa sauti ya chini, ni magari mangapi yametoka gereji tangu mwaka jana. Wote walikuwa wakiyaona: la mkunga, la muuza mitungi ya gesi, teksi mbili za kaka wa jirani. Na wiki hii, basi dogo la watoto wa chekechea, walilolifunga upya magurudumu yote ya mbele.

Mkwe alitoa simu kumpigia dereva wa basi hilo, akakosea namba mara mbili. Saa sita ilikuwa imepita; watoto walikuwa wakirudishwa makwao. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Dereva yule alikuwa na tabia moja nzuri ambayo wazazi wote walimsifia: akiwa barabarani hapokei simu.