Kioo cha Siku za Kubadilisha Rangi

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Katika soko la Kashikishi, kando ya ziwa, juu ya turubai la Eneless, muuzaji wa vyombo vilivyokwisha kutumika, kulikuwa na chombo cha maua cha kioo. Miiko mitatu ya ugali ilikuwa imechomekwa ndani yake.

Florentine, mwalimu katika makazi ya wakimbizi, aliitoa miiko akakiinua chombo kwenye mwanga. Kilikuwa na rangi mbili zisizochanganyika vizuri: chini kahawia ya chupa ya bia, juu kijani ya chupa ya soda, na katikati mistari kama moshi.

"Awe, hapana, bamayo, polepole!" Eneless alisema. "Hiyo ni ya Ulaya. Ilivuka ziwa na mali ya bazungu ba Pweto. Leo Mirriam wa gesti anatoka Mansa kuichukua."

"Ulaya gani?"

"Ulaya ni Ulaya. Weye ni mwalimu, njo unaniuliza mie?"

Florentine hakucheka. Baba yake, Kabamba, alifanya kazi katika kiwanda cha chupa cha Lubumbashi. Tanuri lilipobadilishwa kutoka kahawia kwenda kijani, kwa siku kadhaa kioo kilitoka bila kuwa rangi hii wala ile, na kampuni ilikitupa. Siku hizo wafanyakazi waliruhusiwa kukichota baada ya zamu na kutengeneza vitu vya nyumbani, wakikipuliza kwa kipande cha bomba la maji. Mtaa wao wote ulikuwa na bilauri na vyombo vya maua vya rangi hiyo, ambayo hakuna duka lililoiuza. Vya kwao vilihamia Pweto, ng'ambo ya ziwa, pamoja nao, vikapotea nyumba ilipochomwa vitani. Kabamba alikuwa amekwisha kufa. Hakikubaki kitu chochote cha mikono yake, wala picha.

Rangi ilithibitisha kiwanda. Haikumthibitisha mtu.

Nyuma ya soko alikuwapo mmoja aliyefanya kazi kwenye tanuri lile: Papa Albert, ambaye sasa alikuwa akitengeneza mbabula, majiko ya bati. Alikuwa rafiki wa Kabamba, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Angeweza kusema lolote ili kumfurahisha binti wa rafiki yake. Kwa hiyo Florentine alimwomba Eneless aulize yeye, asitaje jina la Kabamba.

"Na nani anachunga mali yangu?"

"Jirani yako."

"Ule? Ule anakula samaki za watu, chisense mbichi na kavu." Hata hivyo alisimama, akakikumbatia chombo. "Kioo yangu, mikono yangu. Weye tembea mbele."

Albert aliweka bati chini, akakipokea.

"Bashikulu, nani alitengeneza hii?" Eneless aliuliza. "Huyu anasema haitoki Ulaya."

"Ulaya ya Lubumbashi, labda," Albert alisema.

Mdomo wa chombo ulikuwa umebanwa mahali patatu, na kila mahali palikuwa na alama za meno ya chuma. Albert alichukua koleo alilokuwa akikunjia bati, akaliweka juu ya alama bila kubana. Meno yaliingia. Jino moja la koleo lilikuwa limevunjika. Mahali pa jino hilo kioo kilikuwa laini, bila alama. Alijaribu mahali pa pili na pa tatu. Ilikuwa hivyo hivyo.

"Huu mudomo njo wangu," alisema. "Hii koleo nilikimbia nayo. Bibi yangu, mama ya batoto, alisema, unabeba koleo, unaacha sufuria? Alinitukana mpaka huku."

"Kwa hiyo ni weye uliipuliza?"

"Hapana. Mie kifua sina. Mie ni wa kubana mudomo tu. Kupuliza tulikuwa na bantu babili, Kabamba na Pitchou." Alimgeukia Florentine. "Ni papa yako, mutoto yangu. Bien sûr, hakika ni yeye."

"Unajuaje, Papa?"

Albert alimrudishia chombo.

"Sijui," alisema. "Nilitaka ikuwe vile."

Florentine alikipindua. Fimbo inayoshikilia kioo cha moto ikibanduliwa, huacha kovu lenye makali chini ya chombo. Kovu la hapa lilikuwa limesuguliwa. Mikwaruzo ilikwenda na kurudi upande mmoja. Siku za Jumapili, baada ya ibada, baba yake alikuwa akikaa kwenye ngazi ya saruji akisugua, na yeye alikuwa akimwaga mchanga na maji kwa kopo la siagi. Mama yake alikuwa akipiga kelele kutoka ndani kwamba sauti ile inamuuma meno. Florentine hakulisema lolote kati ya hayo.

"Papa, Pitchou alikuwa anafanya nini na chini ya vyombo vyake?"

"Pitchou?" Albert alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Muvivu ule! Aliacha vile vile. Meza ya bibi yake ilikuwa kama imekwaruzwa na paka. Akikupa zawadi ya ndoa, tafuta na kitambaa ya kuweka chini. Kusugua, hapana, ile ilikuwa..."

Alipitisha kidole chini ya chombo.

"Ilikuwa papa yako. Kwenye ngazi. Tulimucheka, mwanaume anasugua kama anaosha sufuria."

"Hakuna mwingine aliyesugua?"

"Hakuna. Kabamba peke yake."

Eneless alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Sasa Mirriam nitamwambia nini?"

"Mwambie kimepata mwenyewe."

"Sawa. Lakini bei ni ile ile ya Ulaya, bamayo. Papa yako asijisikie mudogo."

Florentine alilipa bei ya Ulaya.

Albert aliomba akishike tena. Aliufuta mdomo wa chombo kwa ncha ya shati, akamrudishia Florentine kwa mikono miwili, akaokota bati.