Kijiko cha Bwana Pavel

Jumapili asubuhi madam Jitka aliniita sebuleni akaniambia niketi. Huwa haniketishi ila akiwa na jambo zito. Mama yake alikuwa amewasili usiku kutoka kwao Cheki, akaniambia, na atakaa wiki mbili. Ijumaa mchana Lillian, msichana ninayemfundisha kazi yangu, apike peke yake: nyama ya kuoka, kabichi chachu, na ule mkate wao wa kuchemsha. Mama ndiye atakayeamua. Akiridhika, Lillian atabaki, nami nitapanda ndege ya kurudi kwetu Jumatatu inayofuata. Asiporidhika, Lillian atarudishwa kwa wakala aliyemleta, nami nitangoja mpaka apatikane mwingine.

"Huu mwezi wa tatu, Masuda," akasema. "Mkate anaujua. Nyama na kabichi, hapana. Mimi nimechoka."

Hata mimi nilikuwa nimechoka, ila sikusema. Nina miaka sitini na tatu. Kumi na mmoja katika hiyo nimesimama jikoni pale mtaa wa Oud Metha, huku ughaibuni, na goti langu la kushoto linaijua sakafu ya vigae vile kuliko ninavyoijua nyumba yangu Malindi. Mjukuu wangu Fairuz alizaliwa mimi niko huku. Sasa ana miaka saba, na siku moja aliniuliza, "Bibi, mbona wewe unakaa ndani ya simu tu?" Nilimwambia ninapika, nikimaliza nitatoka.

Sitaki kumsema vibaya madam. Wiki yangu ya kwanza pale, kabla sijafungua mdomo, alininunulia sufuria yenye mpini mwekundu, sahani, na vijiko viwili, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Akawaambia watoto wake, "Hivi ni vya Masuda, msiviguse." Alijua mimi ni Muislamu na kwao nguruwe ndicho kitoweo cha Jumapili. Mwaka jana walipobomoa jikoni na kuweka jiko jipya la kioo, lisilotoa moto wala sauti, jiko hilo liliikataa sufuria yangu. Ni ya alumini, nalo linataka chuma tu. Kesho yake bwana Pavel, mume wa madam, akarudi kutoka sokoni Deira na jiko dogo la koili ya umeme kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemtuma.

Nyama yao nilikuwa naipika nimevaa glavu. Sikuwahi kuionja, wala kabichi yao sikuionja, kwa kuwa hukaangwa kwa mafuta ya mnyama huyo huyo. Mungu anaijua hali yangu. Nilipika kwa pua na kwa macho, na chakula kilikuwa kikiliwa mpaka sahani zinang'aa.

Lillian ni Mganda wa Masaka, ana miaka ishirini na sita. Kiswahili alikiokota Nairobi alipokuwa akiuza viatu, basi anakisema mbio mbio kama mtu anayekimbiza basi. Ananiita Jaja, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. Kabla ya kwetu alikuwa kwenye nyumba moja ambako alilazwa kwenye korido ya kufulia nguo, na ukimwuliza habari za huko anashika ufagio. Nilipomweleza maneno ya madam, alipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Jaja, kule kwa wakala mimi sirudi."

"Hurudi. Tuna siku tano."

Jumatatu tulifanya mkate. Huo hauna haramu, ni unga, maziwa, yai, hamira na vipande vya mkate uliolala. Nimeupenda tangu mwanzo, kwa sababu unaumuka kama mahamri. Unaufinyanga kama mto wa mtoto, unautia kwenye maji yanayochemka, unaugeuza nusu ya safari, na ukitoka tu unauchoma kwa uma upumue, la sivyo unanywea. Halafu haukatwi kwa kisu. Kisu kinauponda. Unapitisha uzi chini yake, unavusha ncha mbili juu, unavuta.

"Siku ya kwanza nilipoona huo uzi," Lillian akasema, "nilifikiri mnataka kuushona."

"Mimi nilimwuliza madam kama niutie na vifungo."

Alicheka mpaka akashika meza. Mikono yake ni myepesi, na vipande vyake vilikuwa sawa kama vya dukani. Nikajua mkate hauna shida.

Jumatano akapika nyama na kabichi, mimi nimeketi kando namtazama kila hatua. Alisugua kitunguu saumu, chumvi na mbegu za kisibiti kwenye nyama jinsi nilivyomwonyesha. Alikaanga kitunguu, akatia kabichi ya chupa, akakoroga, akaosha mwiko. Niliangalia nisione kosa. Jioni madam alikula mkate wote, akala nyama kidogo, kabichi akaisukuma pembeni ya sahani kwa uma, taratibu, kama mtu asiyetaka kumuumiza mtu.

Lillian alipoiona ile sahani macho yakamjaa. "Nimefanya kama wewe, Jaja. Kila kitu kama wewe."

"Nimekuona, mwanangu."

"Sasa mbona cha kwako wanakula?"

Usiku ule goti liliniuma, na hilo swali pia. Nilidhani labda ni jiko jipya. Nilidhani labda ninazeeka na kuna kitu nimesahau kumwambia. Nilikipekua kichwa changu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, nisikipate hicho kitu.

Ijumaa Lillian alianza saa mbili asubuhi. Madam alikuwa ameniambia nisiguse sufuria hata moja, ila kuandaa meza naruhusiwa. Nikakaa kwenye kiti karibu na friji. Mama yake madam, Bi Bozena, aliingia kutafuta maji. Ni mwanamke mnene, mwenye nywele nyeupe fupi, naye anakokota mguu kama mimi. Hana Kiingereza, mimi sina Kicheki. Aliutazama mguu wangu, akautazama wake, akatikisa kichwa. Kisha akaenda sebuleni akarudi na mto wa kochi, akauweka nyuma ya mgongo wangu, akaondoka zake na maji. Nilijiambia, huyu hatakuwa mtu wa kumfukuza msichana wa watu. Lakini ulimi wa mtu na moyo wake ni vitu viwili.

Saa sita kasoro dakika ishirini nilifungua droo ya vijiko niandae meza. Chini kabisa, nyuma ya visu vya siagi, nikakikuta kijiko kimoja cha zamani, kidogo, mpini wake umekunjwa kama ndoano. Nilikishika. Kilikuwa cha bwana Pavel.

Miaka ile yote bwana Pavel alifanya kazi yake ya kuchora majengo hapo hapo nyumbani. Kila siku saa tano alipita jikoni, na kijiko hicho kinaning'inia kwenye mfuko wa shati lake, kama wengine wanavyoning'iniza kalamu. Alikuwa nacho chake ili asichukue cha kwangu. Alikuwa akifunua sufuria, anachota, anaonja, halafu ananiambia kitu. Mimi nilikuwa nikiona ni mzee wa watu ana njaa. Tangu ukarabati wa jikoni uishe amehamishiwa kazi Muscat, anarudi mara moja kwa mwezi, na mimi sikufikiria kamwe kwamba kuna kitu kimeondoka naye. Chakula changu kilikuwa hakijaharibika, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea. Lakini Lillian alikuja yeye ameshaondoka.

Nikageuka na kijiko mkononi.

"Lillian. Hiyo kabichi umeionja?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama ameiba. "Kuonja?"

"Kuonja, ndiyo. Kwa mdomo."

"Jaja, mimi ningethubutu wapi?"

"Kwa nini?"

"Wewe hata siku moja sijakuona unaonja. Unakoroga, unanusa, unaosha mwiko. Nikajua hii nyumba hawataki. Kule nyumba ya kwanza madam alinipiga mkono kwa sababu ya kijiko. Nikasema, heri nifanye kama Jaja."

"Mwanangu, mimi ni Muislamu! Hiyo ni nguruwe!"

"Nyama najua ni nguruwe. Lakini kabichi?"

"Imekaangwa kwa mafuta yake!"

Tukatazamana. Miezi mitatu nilikuwa nimemfundisha kila kitu, mpaka kutoonja nikamfundisha. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Msichana alikuwa karibu kurudishwa kwenye korido kwa ajili ya dini yangu, na wala hakuna aliyemwambia kwamba kutoonja ni kwangu mimi tu.

Nilimpa kijiko. "Onja."

Alichota kidogo, akatia mdomoni. Uso wake ulikunjamana wote.

"Yesu wangu."

"Nini?"

"Jaja, hii ni siki. Hii mtu anakula kweli?"

"Mimi nitajuaje? Ndiyo nakuuliza wewe!"

Akaanza kucheka na kulia pamoja. "Na mimi nilikuwa nasema, hawa wazungu wana tumbo la chuma!"

"Yalla, haraka, cheka baadaye. Mchuzi wa nyama?"

Akaonja. "Maji. Maji ya vuguvugu."

"Sasa ikae vipi?" Lillian akauliza, akikifuta kijiko. "Mimi sijawahi kula chakula chao kilichopikwa sawa. Sijui wanataka nini."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Nilifumba macho nikamrudisha bwana Pavel mlangoni, na shati lake, na kijiko chake. Alikuwa akiniambia nini? Kila siku maneno yale yale kwa Kiingereza chake cha polepole, na mimi nikiitikia yes sir huku nikiwaza ya kwangu. Lakini maneno ya miaka kumi hayaondoki. Yalikuwepo.

"Utamu utangulie," nikasema. "Ukali ufuate nyuma. Kisibiti kije mwisho, ukishameza."

Lillian alitia sukari, akaonja. "Ukali bado uko mbele."

"Kaanga kitunguu kingine, kiwe cha dhahabu, utie."

Alifanya. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu nisije nikagusa sufuria, maana nilikuwa nimemwahidi madam. Tulikwenda hivyo, mimi nikitoa neno, yeye akitoa ulimi. Alikwangua kiazi kidogo kibichi akakitia kwenye kabichi ishikane, kwa kuwa nilikumbuka bwana aliwahi kusema isitembee kwenye sahani. Mchuzi akautia chumvi mara tatu, kidogo kidogo.

"Unasikiaje sasa?"

Alimeza, akangoja. "Tamu. Halafu kali. Halafu..." Akaguna. "Kisibiti hicho, Jaja. Kimefika."

Saa saba kamili akapeleka chakula. Mkate aliukata mezani mbele yao kwa uzi. Kisha akarudi tukasimama nyuma ya mlango wa jikoni kama wezi. Nilisikia vijiko na uma. Nilimsikia Bi Bozena akisema kitu kifupi, madam akajibu kifupi, kisha uma zikaendelea. Lillian alinishika mkono. Nilichungulia. Bibi yule alichukua kipande cha mwisho cha mkate, akaifutia sahani yote, polepole, mpaka ua lililochorwa chini likaonekana.

Madam akaja.

"Mama anauliza kabichi nani amepika."

"Mimi, madam," Lillian akasema.

"Masuda hakugusa?"

"Sikugusa," nikasema. "Nimesema tu."

Madam alinitazama, nadhani alijua kuna hadithi, akaiacha. "Mama anasema sukari imezidi kidogo."

Lillian akauachia mkono wangu.

"Na anasema aongezewe. Nyama na kabichi, zote mbili." Halafu madam akanishika bega, kwa muda mrefu kuliko desturi yake. "Khalas, Masuda, yamekwisha. Jumatatu."

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Badala yake nilikaa kwenye kile kiti chenye mto, nikafumba macho, na uchovu wote wa miaka kumi na mmoja ukanikalia mapajani kama mtoto mzito aliyelala. Sikuweza hata kuinua simu nimwambie Fairuz. Nilisikia Lillian akipita na sahani, akirudi, akifungua maji, akiimba kitu cha kwao.

Aliponyamaza nilifumbua macho. Alikuwa ameiweka ile sufuria yangu ya mpini mwekundu juu ya koili, akapasha mchuzi wangu wa nazi uliobaki jana, na ndani yake vipande viwili vya mkate alivyonifichia. Alikuwa amenawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akachukua kijiko safi kutoka rafu yangu, akachota, akaonja.

"Chumvi imepungua," akasema, akaongeza.

"Wewe, hicho chakula ni changu, mimi najua kuonja."

"Najua. Leo kaa."

Akapakua, akaniletea pale pale nilipokuwa. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa. Nikala nimeketi, yeye akarudi kuosha masufuria, na kile kijiko kilichokunjwa kilikuwa kinaning'inia kwenye mfuko wa aproni yake.