Sinema ya Jumapili kwa Alute

Jumapili, siku nne kabla mkewe Editha hajaenda kupasuliwa rovu la shingoni mjini Singida, Melkiori alimpeleka binti yao Happiness, wa miaka saba, kwa jirani yao Alute kuangalia sinema. Alitaka Editha afue na kupanga nguo zake za hospitali bila maswali ya mtoto. Kwa upande ule wa Mtinko, runinga kubwa ilikuwa kwa Alute tu, na watoto walikuwa wameshajaa mkekani.

Hakujua sinema ilihusu nini. Katikati, mama mmoja alilazwa kitandani, akasukumwa kupita mlango wenye pazia la kijani, binti yake akabaki kwenye benchi. Daktari akatoka akitikisa kichwa. Watoto wengine waliendelea kutafuna karanga. Happiness hakulia. Alishika kidole cha baba yake, akakibana mpaka kikauma.

Njiani aliuliza, "Mama naye atapita mlango ule?"

"Wanaigiza, mwanangu. Yule mama hajafa, ameambiwa tu alale."

"Na yule mtoto alijua?"

Melkiori akamshika mkono, wakaendelea kutembea.

Jioni ile mtoto hakugusa ugali. Jumatatu mwalimu alimrudisha nyumbani, akisema anatetemeka na hana homa. Editha alimpakata, akambembeleza kwa Kinyaturu, kisha akamwambia, "Nitarudi, mama yangu."

"Hata yule alisema hivyo."

Editha akamtazama mumewe. Melkiori akatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Jumanne alirudi kwa Alute, wakatafuta sinema nyingine ya mwigizaji yuleyule. Wakaipata: yuko sokoni, anauza nyanya, anacheka. Melkiori akamleta Happiness mbiombio.

"Unamwona? Mzima kabisa."

Mtoto aliangalia kwa makini, bila kupepesa.

"Hii ni kabla hajafa," akasema.

Alhamisi asubuhi Editha aliondoka na dada yake, Scholastika. Happiness alimshika kanga. Ilibidi baba yake amfungue vidole, kimoja kimoja.

Alasiri simu ililia. "Ametoka salama, shemeji," Scholastika alisema. "Ameshaamka."

"Mpe aongee na mtoto."

"Daktari amemkataza kuongea. Koo bado bichi. Lakini anasikia."

Melkiori akaiweka simu sikioni kwa mtoto.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, kohoa kidogo."

"Hawezi, Happy," alijibu Scholastika. "Anakupungia mkono."

Happiness akamrudishia baba yake simu. "Yule wa kwenye benchi naye aliambiwa mama yake amelala," akasema, akaenda kukaa ukutani. Melkiori akakaa karibu naye.

Baada ya wiki Editha alirudi, shingo imefungwa bandeji, sauti inakwaruza. Happiness hakumkimbilia. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo," kama anayemwamkia mgeni.

Mpaka alizeti zinavunwa, alikuwa akiacha mchezo kila mara, anakuja kumtazama mama yake kifuani, kama anapumua. Melkiori alishampiga marufuku kwenda kwa Alute. Haikusaidia.

"Si amerudi, mwanangu? Si unamwona?"

"Namwona, baba," alijibu, na akaendelea kusimama palepale.