Jumapili Kumi na Sita

Kushona mfuko wa kushoto wa suruali kulimchukua dada mtu sekunde arobaini na tano. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kiwandani ughaibuni, mwaka wa kumi na moja sasa, mfuko wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa na mwenyewe. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo suruali nzima huijui inavyotoka?"

"Naiona ikipita," dada akajibu, na yeye akacheka, ingawa si sana.

Alikuwa amekuja likizo ya wiki mbili, na mkobani mwake alikuwa na fomu. Kiwanda kilitafuta washonaji, mkataba wa miaka miwili, watoto hawaruhusiwi. Fundi akitia saini, dada angeondoka na fomu Jumamosi. Asipotia, nafasi ingepewa mwingine. Leo ilikuwa Jumatano na fomu ilikuwa bado juu ya meza ya kukatia, imekandamizwa na mkasi, na Fundi aliizunguka kama anayezunguka mbwa asiyemjua.

Haukuwa uamuzi mdogo. Fundi alikuwa na binti wa miaka tisa, na alikuwa na mama, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umeacha kumsikiliza. Mume naye alikwishajiondokea zake siku nyingi, na hatuna haja ya kumfuata. Mama alishinda hapo hapo kwenye chumba cha kushonea, kitini karibu na mlango, akiokota pini sakafuni kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Hakuna pini iliyomponyoka, na hakuna mazungumzo yaliyompita.

"Wewe usitazame pesa," dada alisema. "Pesa zinababaisha, ukishabadilisha za kule kuwa za huku kila kitu kinaonekana utajiri. Tazama saa. Unafanya kazi muda gani mpaka upate kilo ya sukari? Basi."

Fundi akaipenda hiyo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa vipimo. Akachukua chaki, akachora mstari katikati ya meza, upande huu Kule, upande huu Hapa. Kilo ya sukari: Kule dakika saba, Hapa dakika ishirini na tano. Viatu vya shule: Kule saa mbili na robo, Hapa saa tisa.

"Ngoja kwanza," dada akasema. "Umesema unafanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Tano."

"Tano? Mbona tangu nimefika sijakuona umekaa?"

"Cherehani inazunguka saa tano. Nilishaipima."

Dada akamkodolea macho. "Na kukata? Kupima watu? Vifungo vinajishona vyenyewe?"

Kwa kweli Fundi hakuwahi kuviita vitu hivyo kazi. Kazi ilikuwa mguu ukiwa juu ya kanyagio. Mengine yote yalikuwa maandalizi, maongezi, na kumridhisha mteja anayedai nguo imembana wakati aliyenenepa ni yeye. Na bei zake alizipanga hivyo hivyo. Alilipwa mshono, vifungo na pindo vikawa zawadi.

Kesho yake, Alhamisi, dada akavaa saa yake ya mkononi, akakaa kwenye benchi, akamwandama kama msimamizi wa zamu. Saa moja asubuhi, kufungua mlango. Saa mbili kasorobo, mteja wa kwanza, amekuja kupunguziwa kiuno. Alipoinuka kumsaidia mama kwenda msalani, dada akauliza, "Hii niiandike wapi?" Fundi akamwambia asilete mzaha. Saa kumi na mbili jioni mlango ukafungwa. Jumla yake saa kumi na moja, pamoja na robo saa ya kula.

Wakafuta namba za upande wa Hapa, wakaandika upya. Sukari ikapanda kuwa dakika hamsini na tano. Viatu, karibu saa ishirini. Fundi aliitazama ile meza. Miaka yote alijiona mjanja, kumbe alikuwa anajipunja mwenyewe kwa mikono yake miwili.

"Nipe kalamu," alisema.

Mama akaacha kuokota pini. Binti, aliyekuwa akifanya hesabu zake za shule kwenye pembe ya meza, akainua kichwa, na Fundi hakuthubutu kumwangalia.

Dada akamletea kalamu haraka, haraka kupita kiasi. Ila Fundi, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa vipimo, na fundi mzuri hakati kitambaa kabla hajapima mara mbili. Akaishika kalamu hewani.

"Tumalize upande wako kwanza. Kwa wiki unafanya saa ngapi?"

"Arobaini na nane. Siku sita, saa nane nane."

"Haya. Chumba?"

"Saa kumi na nane zinakwenda huko."

"Nauli?"

"Tano."

"Chakula?"

"Tisa. Makato ya serikali na bima, sita." Dada alitaja upesi upesi, macho dirishani. "Na hizi za mama na ada ya mtoto, kumi."

Binti, kwa kuwa kalamu yake ilikuwa mkononi tayari, akajumlisha. "Arobaini na nane," akasema. "Mama mkubwa, zimeisha zote."

Fundi akaweka chini kalamu, akageuka kuitazama cherehani yake, ile ya umeme, nyeupe, iliyofika kutoka kwa dada miaka mitatu iliyopita ndani ya sanduku lenye magazeti ya lugha asiyoijua. Kabla ya hapo alikuwa akikanyaga ya mguu mpaka nyonga zinawaka moto. Hii nyeupe ndiyo iliyomlea binti miaka hiyo mitatu, ndiyo iliyolipa dawa kila fedha za dada zilipochelewa.

"Dada, uliniambia hii ni mshahara wa wiki moja. Tena ulisema nisikushukuru sana, ni kitu kidogo."

"Ni wiki moja. Saa arobaini na nane. Sikukudanganya."

"Sasa ulizitoa wapi, na zimeisha zote?"

Dada akajifanya anatafuta kitu mkobani. Alipoona hakuna atakayemwokoa, akasema, "Jumapili kiwanda kinataka watu wa kufagia. Saa tatu tatu. Bei yake ilikuwa wiki moja, ila hiyo wiki ilinichukua Jumapili kumi na sita kuipata."

Fundi hakujikaza, alilia wazi wazi, mbele ya mama yake na mtoto wake. Alikumbuka jinsi alivyoupokea ule mzigo: alifurahi, alishukuru, halafu akamwambia jirani kwamba kule fedha zinaokotwa.

"Ahsante," alisema. "Ile ya mwanzo haikutosha. Ahsante, dada."

"Nyamaza bwana."

"Sinyamazi. Na sasa unataka niende nikashone mfuko wa kulia, niziache Jumapili zako kumi na sita zimefunikwa shuka humu ndani?"

Dada akatazama sakafu. "Tungegawana chumba," alisema taratibu. "Hesabu ingekaa sawa. Na tungekula pamoja. Mimi nimechoka kula peke yangu, mdogo wangu, hilo ndilo sikuliandika."

Hilo halikuwa na namba, na Fundi hakujaribu kulitafutia. Alimshika mkono, wakakaa hivyo kwenye benchi, mpaka mama akasema pale kitini, akimnyooshea dada mtu kile kijiti cha sumaku, "Mtoto huyu alikuwa na mikono ya dhahabu. Nani amemshonea nguo tangu aende?"

Hakuna. Kule gauni la kupimwa mwilini lingemgharimu mshahara wa siku tisa, nani ataweza? Hapa, sasa kwa kuwa wanajua kuhesabu, saa sita na nusu za Fundi.

Ijumaa asubuhi Fundi aliandika bei mpya mlangoni, vifungo na pindo vikiwemo. Mteja wa kwanza alinuna, wa pili alinuna, wote wakalipa. "Nusu ya zile saa kumi za mama na ada naibeba mimi kuanzia mwezi huu," alimwambia dada yake. "Hizo saa tano weka za nauli ya kuja huku, uje kila mwaka." Kisha akachukua tepu, akampima mabega, kifua, kiuno, akimtania kwamba ughaibuni kuna chakula kizuri.

Kwa kola alihitaji karatasi ngumu ya kukatia kielelezo cha kufuatishia kitambaa. Akapapasa mezani, mkono ukaangukia fomu. Akamtazama dada yake, akiwa ameshika mkasi, akasubiri. Dada aliitazama ile karatasi, akatikisa kichwa kukubali. Mkasi ukapita.

Gauni walilishona wawili, dada akiwa kwenye cherehani, akiulizia zipu na mikono kama mwanafunzi. Mfuko wa kushoto hakuulizia. Jumamosi alisafiri nalo mwilini.

Ukutani kwa Fundi kuna msumari wa wateja wa kudumu, wale ambao vielelezo vyao havitupwi kwa sababu watarudi. Kola ya karatasi imetundikwa juu ya vyote, ina mistari ya fomu iliyokatika katikati, na kwa chaki imeandikwa vipimo, na chini yake: Dada.