Sahani Moja, Mtu Mmoja

Niliota jana usiku kwamba mimi na Kemilembe tumehukumiwa kuwa mtu mmoja, na aliyetoa hukumu hiyo alikuwa upawa wa maharage wa bwalo la chuo.

Nianze na yale ya kweli, usije ukaniona mwongo katika mengine. Kemilembe ni mwenzangu wa chumba, Mhaya wa Muleba, mwaka wa tatu kama mimi. Orodha ya mpango wa chakula ilipofungwa, yeye alikuwa kwao kwenye msiba wa bibi yake. Aliporudi, ofisini wakamwambia asubiri mwaka ujao, na mwaka ujao atakuwa ameshamaliza chuo. Kwa hiyo mimi nachukua sahani kwa kadi yangu, tunakwenda kukaa kona ya mwisho karibu na karo la kuoshea vyombo, tunagawana. Anasomea upimaji ardhi, basi mstari wa katikati ya wali anachora yeye kwa mpini wa kijiko, na haupindi hata punje.

Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: MTU MMOJA, SAHANI MOJA. Tunapita chini ya maandishi hayo kila siku, tukiangalia pembeni.

Sasa ndoto yenyewe.

Nipo kwenye foleni ya mchana. Foleni inaanzia dirisha la chakula, inakatiza maktaba, inapanda ngazi za ukumbi wa mihadhara, na mhadhiri anaendelea kufundisha huku tunampita mbele na sahani zetu. Hakuna anayeona ajabu. Nafika dirishani, naweka kadi kwenye mashine. Mashine inakohoa.

"Milo mia mbili na kumi," inasema. "Midomo miwili."

Ikarudia kwa sauti ya juu zaidi, foleni nzima isikie. Mashine ile ina umbea. Hata nikiwa macho huwa naishuku.

Nyuma ya sufuria akatokea Upawa, amevaa miwani na tai. Huyu namfahamu vizuri: ndiye anayezama kwenye sufuria ya maharage na kutoka na mchuzi mtupu. Akasafisha koo, akasoma kanuni taratibu. Mtu mmoja ana sahani moja. Kwa hiyo wanaokula sahani moja ni mtu mmoja. Nikamwambia hiyo si hesabu. Akajibu kwamba yeye hakusoma hesabu, alisoma kanuni.

Papo hapo nikajikuta nimevaa gauni lenye matundu mawili ya shingo. Kemilembe alikuwa kwenye tundu la pili, ameshika daftari lake, anajisomea. Mimi nilitaka kwenda jikoni kulalamika, yeye alitaka kwenda kwenye chumba cha mitihani, tukabaki tunazunguka palepale.

"Tatizo," Upawa akasema, "mtu mmoja hana majina mawili. Aliyejiandikisha ni Somoe. Huyo mwingine ni mabaki."

Nikatazama chini. Miguu ya Kemilembe haipo. Sasa tumo kwenye chumba cha mitihani, ingawa hakuna aliyetembea, na jina lake linafutika kwenye orodha ukutani, herufi moja moja, kuanzia mwisho. Kiti chake kimeshajiinukia, kinachechemea kuelekea mlangoni. Jumatatu ana mtihani wake wa mwisho kabisa. Bila jina hakuna mtihani, na bila mtihani atarudi Muleba na miaka mitatu mitupu.

Upawa akanivuta pembeni, kadiri mtu anavyoweza kuvutwa pembeni akiwa ndani ya gauni moja na mwenzake. Akaniambia mambo haya yanaweza kuisha kirafiki. Nitamke tu mbele ya mashine kwamba sahani ni yangu peke yangu. Mabaki yatakwenda kwenye ndoo, na mimi nitapandishwa Mpango wa Kwanza, wenye kuku Jumatano na Jumapili.

Nilimfikiria kuku. Sitaki kumdanganya mtu. Nilimfikiria kuanzia paja hadi shingo, nikamfikiria na chapati ya kumsindikiza, na mate yakanijaa.

Kemilembe, ambaye sasa alikuwa amebaki kuanzia kifuani kwenda juu, akafunga daftari.

"Chukua kuku, Somoe," akasema. "Mimi nilishazoea nusu."

Hapo hasira zikanipanda mpaka utosini. Si kwa Upawa, kwa nafsi yangu. Mwaka mzima Kemilembe ameweka kijiko chini kabla yangu na kusema ameshiba. Nilikuwa najua hajashiba. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na njaa, nikaumaliza upande wake nikijidai nasaidia chakula kisitupwe. Aibu ile ilinichoma kuliko pilipili.

Nikaigeukia mashine.

"Sahani ni yetu," nikasema.

Tulikuwa tumesharudi bwaloni, tena bila kutembea. Maharage yakaacha kuchemka. Upawa akafungua kitabu cha kanuni, ambacho kurasa zake zote zilikuwa chapati, akaanza kulitafuta neno hilo. Kila ukurasa asipolikuta, anaukunja na kuula. Alipofika ukurasa wa arobaini akafungua kishikizo cha shingo na kutangaza kwamba neno hilo halimo. Nikamwuliza kama ukubwa wa sahani umo. Akatafuta tena, kwa shida, kurasa zilizobaki. Nao haumo.

"Basi nileteeni sinia," nikasema.

Ilibidi niwaeleze, maana wengine walikuwa wa bara. Kwetu Lindi, kwenye harusi, hatugawiwi sahani. Watu mnazunguka sinia moja, kila mtu anakula mbele yake, nyama iko katikati, na ukimpenda mtu unamsogezea kipande upande wake bila kusema kitu. Hakuna anayekuuliza uliandikwa wapi.

Uwanja wa mpira wa chuo ukajikunja kingo kuzunguka pande zote, ukang'aa, ukawa sinia. Tangi la maji la hosteli likafungua bomba lake kubwa, pilau ikamwagika mpaka ikafunika mistari yote ya chokaa. Nyama ikajipanga katikati. Mimi nikasimama kwenye goli na kupiga ile sauti ya shangazi zangu ambayo haihitaji kipaza sauti: karibuni chakula.

Wakaja. Wakaja wa sheria, wakaja wa uhandisi na makoleo begani. Wakaja walinzi wa geti na wahadhiri tuliowapita bila wao kutuona. Wakaja wale wanaopika kwa siri vyumbani, wameficha majiko yao ya umeme ndani ya khanga. Wakaja wote ambao orodha ilifungwa wakiwa kwenye msiba, wakiwa wanaumwa, au wakiwa wamelala tu. Tukakaa chini kuzunguka uwanja, watu elfu tatu mia nne na kumi na wawili, na nafasi bado ilikuwepo kwenye kona.

Wahandisi walitaka kuchimba handaki chini ya wali wafike kwenye nyama. Nikawakemea. Wakaweka makoleo chini na kunawa.

Kemilembe alikuwa ng'ambo, kwenye goli la pili, kwa sababu gauni lilikuwa limetuachia lenyewe. Akala tonge la kwanza, kiuno kikarudi. La pili, magoti. La tatu, miguu, na kandambili zake zimeshavaliwa tayari. Kule ukutani jina lake likaandikika upya, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo, na kiti kikarudi kikichechemea, kikaomba radhi. Vigelegele vikapigwa uwanja mzima. Nilivipiga na mimi, na nilikuwa na pilau mdomoni.

Mashine ikazunguka ikihesabu, ikachoka, ikarudi.

"Midomo elfu tatu mia nne na kumi na miwili," ikasema. "Sahani moja."

"Soma kanuni," nikamwambia Upawa.

Akaisoma. Hakuwa na pa kukimbilia, aliiandika mwenyewe. Sahani moja, mtu mmoja. Akauliza kwa sauti ndogo kama mtu huyo amejiandikisha. Mashine ikaitazama kadi yangu na kusema amejiandikisha, Mpango wa Pili, halali mpaka mwisho wa mwaka. Umbea wake kwa mara ya kwanza ulinifaa.

Kwa hiyo chuo kizima tulikuwa halali. Aliyebaki nje ya orodha alikuwa mmoja tu, na mpini wake ulishaanza kufutika kuanzia juu. Upawa akavua miwani. Akauliza kama kuna upenyo.

Nilimwacha asubiri kidogo, mimi ni binadamu. Watu elfu tatu walikuwa wananitazama, mikono ya kulia imeshika matonge, na nilijiona mrefu kuliko jengo la utawala. Kisha nikampa nafasi pale kwenye kona, jirani na kachumbari, kwa sharti moja: kuanzia leo akizama, atoke na maharage. Akaapa mbele ya sufuria. Mpini ukarudi, na yeye akakaa akala kwa adabu kuliko wote.

Mimi nilikuwa na kazi moja iliyobaki. Nikachagua kipande cha nyama, kikubwa, nikaanza kukisogeza kuelekea ng'ambo. Kilianza safari adhuhuri. Kikapita mbele ya watu wa sheria, wakageuza nyuso kwa taabu. Wahadhiri wawili wakakisaidia kuvuka kiazi. Alasiri ilipoingia kikafika kwa Kemilembe, naye akakichukua. Nilimwona anakula bila kuangalia mstari uko wapi, na furaha niliyoipata sijawahi kuipata kwa chakula kilichoingia tumboni mwangu mwenyewe.

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi, jua limeshaingia chumbani. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumekula ugali na maharage. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Kemilembe kwamba kuanzia leo ataanza yeye kula, na mimi ndiye nitakayeweka kijiko chini. Alikuwa amekaa kitandani kwake, amenipa mgongo, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alichokonoa kwa muda mrefu. Mwishowe akatoa alichokuwa anakitafuta, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka juu ya karatasi.

"Siku nyingine," akasema bila kugeuka, "unisogezee mnofu. Kile kilikuwa na mfupa."