Mbuzi Mmoja, Hai

Kampuni ilipouza viti, Fundi Mee hakulalamika, kwa sababu kazi yake aliifanya akiwa amesimama. Ilipouza mapazia hakulalamika, kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha. Lakini Jumatatu ile alipoingia chumba cha kurekodia sauti akakuta trei za mayai zimebanduliwa ukutani, zote mia mbili na arobaini, na kurudishwa kwa muuza mayai kwa bei ya kutupa, alijua mambo yameharibika kweli. Trei zile ndizo zilizokuwa zikimeza mwangwi. Bila trei, mbuzi wake angesikika kama analia kisimani.

Ni vizuri ieleweke mapema kwamba Fundi Mee alikuwa mbuzi. Si mbuzi wa kula majani. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwenye mke, watoto watatu na kitambi cha wastani, ambaye kwa miaka ishirini na saba alilipwa kila mwezi kwa kulia kama mbuzi. Kampuni yao ilikuwa ikitoa michezo ya video tangu enzi zile televisheni zikiwa na tumbo nyuma, na michezo yake yote, kusema kweli, ilikuwa mchezo mmoja tu: Mbuzi Mkaidi. Mbuzi anaruka uzio, anaokota karoti, anampiga mbwa pembe, anaanguka mtoni, anakufa, anaanza upya. Toleo la kumi na sita lilitoka mwaka uliopita na kununuliwa na watu mia tatu na sita. Wanne kati yao walilirudisha.

Mwenyekiti, mzee aliyeianzisha kampuni kwa mikono yake, alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: sauti haitumiki mara mbili. Toleo jipya, mbuzi alie upya. Kwa hiyo kila toleo Fundi Mee alijifungia chumbani akarekodi milio mia nne na kumi na miwili. Kulikuwa na mlio wa njaa, wa karoti, wa kumwona mbwa, wa kujuta, na ule uliompa heshima mjini, mlio wa kufa kabisa. Watu wazima wenye tai na mikoba walikuwa wakimsimamisha barabarani na kumwomba afe kidogo tu. Alikufa, wakampa mkono, wakaenda kazini na furaha zao.

Saa nne wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Walikuwa thelathini na mmoja, wamesimama wima kama miswaki kwenye kikombe. Mbele yao alisimama Mhasibu, kijana mpya aliyeletwa na benki, ambaye hakuachana na rula yake hata akienda msalani.

"Ndugu zangu," alisema Mhasibu, "kampuni inauzwa. Mnunuzi anataka mali. Hataki wafanyakazi. Ijumaa saa kumi jioni mtakabidhi funguo, kisha kila mtu ashike njia yake."

"Funguo za nini?" aliuliza mama mmoja mchoraji, ambaye alikuwa amechora mawingu ya matoleo yote. "Si milango mlishauza?"

Mhasibu alitazama karatasi yake, akapima kitu kwa rula. "Basi hamtakabidhi chochote. Mtaondoka tu."

Fundi Mee alianza kuhesabu kwa vidole. Kitindamimba wake alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na ada ya mihula mitano ilikuwa bado. Shule ile ilisifika kwa mambo mawili: kufaulisha watoto, na kumsimamisha mtoto nje ya geti na sanduku lake ada ikichelewa hata kwa siku moja. Dada mkubwa wa mtoto huyo aliwahi kusimama pale getini siku tatu. Fundi Mee alikuwa ameapa kwamba halitajirudia.

Watu walipotawanyika, Mhasibu alimvuta pembeni.

"Samahani mzee wangu. Wewe hasa ni nani? Sikuoni kwenye orodha ya wafanyakazi."

"Mimi ndiye Mbuzi."

"Aa!" Mhasibu alifungua daftari jingine, nene, lenye jalada lililopasuka. Lilikuwa daftari la mali. Mwaka ule wa kwanza kabisa Mwenyekiti, kwa majivuno ya ujana, alikuwa ameandika humo kwa mkono wake kila alichoona hakina mbadala duniani. Jengo, moja. Mashine ya kunakili, moja. Mbuzi, mmoja, hai. Na tangu hapo mshahara wa Fundi Mee ulikuwa ukitoka kwenye fungu liitwalo matunzo ya mbuzi.

"Nilishangaa sana," alikiri Mhasibu. "Nikasema, huyu mbuzi anakula nini? Nikadhani ni wa kigeni."

"Sasa inakuwaje?"

"Njia ni mbili. Nikuhamishie kwa wafanyakazi, uondoke Ijumaa na wenzako. Au nikuache ulipo, ununuliwe pamoja na mashine ya kunakili." Alishusha sauti. "Aliyeko kwenye daftari matunzo yake yanaendelea. Kuna kifungu."

"Nikiwa mbuzi."

"Ukiwa mbuzi. Na ukiwa hai. Alhamisi anakuja mtu wa kukagua."

Nyumbani, mkewe alisikiliza habari hiyo yote huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Wamekuuza bei gani?"

"Chini kidogo ya mashine ya kunakili."

Cherehani ilisimama. "Ile inayotafuna karatasi? Hapo wamenikosea mimi."

Binti yao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu. "Baba, shuleni kuna fomu. Kazi ya mzazi. Siku zote naandika msanii. Muhula huu niandike nini? Mifugo?"

"Funga mdomo wako," alisema mama yake. "Baba yako amekuwa mbuzi tangu hujazaliwa. Hiyo sare yako imetoka kwa mbuzi, na hayo madaftari yametoka kwa mbuzi."

"Mama, marafiki zangu wakijua je?"

"Wataomba wasikie," alisema Fundi Mee, lakini kwa unyonge.

Mkewe alimgeukia. "Sikiliza, baba watoto. Ukiamua kwenda, usiwe mbuzi wa nusunusu. Mbele ya huyo mkaguzi usitamke neno hata moja. Ukikohoa, kohoa kimbuzi."

Alhamisi asubuhi Mkaguzi aliwasili. Alikuwa mwanamke wa viatu vya kung'aa, mwenye orodha mkononi, na kwa kuwa orodha ilitaja kiumbe hai, alikuja na daktari wa mifugo kama sheria inavyotaka. Daktari alivaa koti jeupe na mabuti ya mpira, tayari kwa lolote. Mwenyekiti aliwapokea kwa heshima zote, kisha akarudi kuketi kwenye kiti pekee kilichobaki, yaani boksi la nakala za toleo la tisa zilizokosa wanunuzi.

Jengo lilikaguliwa likapita. Mashine ya kunakili iliwashwa, ikatafuna karatasi mbili, ikapita.

"Mbuzi yuko wapi?" aliuliza Mkaguzi.

Mhasibu alinyoosha rula. Fundi Mee alikuwa amesimama kando ya mashine, ndani ya suti yake ya harusi.

Daktari alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Huyu ni mtu."

"Daftari linasema ni mbuzi," alisema Mkaguzi. "Limepigwa mihuri ishirini na saba na wakaguzi walionitangulia. Siwezi kubishana na mihuri ishirini na saba kwa sababu ya suruali. Mpime."

Daktari alishusha pumzi, akampanua Fundi Mee mdomo kwa vidole viwili. "Tatizo hili hapa. Ana meno ya mbele ya juu. Mbuzi hana."

Fundi Mee alikuwa na maelezo matatu mazuri sana kuhusu meno, lakini yote yalihitaji kusemwa. Aliliona geti. Aliliona sanduku la bati lenye maua, na mtoto ameketi juu yake.

"Tumpime joto, tumalize," alisema daktari, akachomoa kipimajoto kirefu kama kalamu ya mbao. Fundi Mee alipanua mdomo kwa ushirikiano mkubwa. Daktari akatikisa kichwa polepole. "Mifugo hatuiweki huko."

Mwenyekiti aligeukia ukuta kwa heshima. Mhasibu aliiangalia rula yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Daktari alipiga hatua moja, ya pili, akaanza kuzunguka kwenda nyuma, na hapo Fundi Mee, kwa akili yake yote na hofu yake yote, akafa.

Alikufa kabisa. Mlio ulianzia chini tumboni, ukapanda ukitetemeka, ukasimama juu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukaporomoka. Na kwa kuwa hapakuwa na trei, pazia wala mlango wa kuuzuia, uliteremka ngazi zote hadi barabarani, ukagonga jengo la pili, ukarudi. Magari mawili yalifunga breki.

Kipimajoto kilianguka sakafuni. Daktari alikuwa ameganda, machozi yakimlenga.

"Daraja la tatu la Mbuzi Mkaidi," alinong'ona. "Lile lenye mbwa wawili. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kila nikirudi kutoka shuleni nilimwua mbuzi huyu. Mara elfu moja, labda zaidi. Nilikuwa nikimsikia hata kitandani." Alifuta macho kwa koti. "Mnadhani kwa nini nilisomea mifugo?"

Akachukua karatasi ya Mkaguzi akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa: Mbuzi. Dume. Hai.

"Umri?"

"Hamsini na mbili," alisema Mhasibu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mbuzi aliyepita miaka kumi na miwili hafanyishwi kazi. Sheria ya mifugo iko wazi. Mwenye mali atamlisha, atampa malazi na matibabu mpaka kifo chake."

"Mpaka kifo chake?" aliruka Mkaguzi. "Huyu si amekufa sasa hivi?"

"Huyo, mama, akifa anaanza upya."

Mkaguzi aliuliza kama anaweza kuchukua jengo akaacha mbuzi. Mhasibu alimwonyesha kwa rula kwamba daftari huuzwa zima, jalada kwa jalada. Mnunuzi aliyemtuma alilitaka jengo, na aliahidiwa kulipata kabla ya chakula cha mchana. Mkaguzi alitia sahihi kama anayemeza kidonge kikubwa.

Habari haikukaa. Yule mama wa mawingu alimkamata daktari kwenye ngazi. "Daktari, na mimi nipime."

"Mama, nashughulika na mifugo tu."

"Kwani nimekuambia mimi ni nini?"

Kufikia Ijumaa mchana kulikuwa na foleni ya watu thelathini kwenye korido, wengine wakijaribu sauti ya kondoo, wengine ya bata, na Mwenyekiti mwenyewe mbele kabisa, akidai kwa utulivu kwamba siku zote alijiona ng'ombe. Aliyekuwa wa mwisho ni Mhasibu, rula ameificha mgongoni. Alimsogelea Fundi Mee akamwinamia sikioni.

"Mzee wangu, punda huanza kwa kuvuta pumzi au kwa kutoa?"

Fundi Mee alilijua jibu. Lakini sheria ni sheria, na mbuzi hajibu maswali. Akampa mlio wa kujuta, akaenda zake nyumbani saa saba, mstaafu.

Siku ya kufungua shule, karani wa ada alisoma risiti getini, akaigeuza, akaisoma tena. "Imelipwa. Mihula yote mitano. Lakini hapa pameandikwa mlipaji ni matunzo ya mbuzi. Mbuzi gani?"

Nyuma yao foleni ya wazazi na masanduku ilikuwa imeanza kunyoosha shingo. Binti, ambaye tangu kituoni alitembea hatua kumi mbele ya baba yake kama hawajuani, alisimama. Aliitazama risiti, akalitazama geti lililo wazi, akarudi nyuma hatua zote kumi akamshika baba yake mkono.

"Huyu hapa," alisema. "Baba, mfie kidogo."

Fundi Mee akaliweka sanduku chini taratibu, akalegeza tai.